Mkanda wa Kiatu cha Kushoto

Kunegunda aliwajua watu kwa nyayo zao kabla ya kuwajua kwa sura. Miaka ishirini na saba alifagia uwanja wa kanisa pale Mjimwema, na mwenye kazi hiyo, asipokuwa mvivu wa macho, husoma mengi kwenye vumbi jekundu. Alijua nani alichelewa misa, nani alisimama nje na simu yake wakati wa mahubiri, na mwanakwaya gani alikuja na viatu vya dada yake. Hakumwambia mtu. Alifagia, akacheka peke yake.

Nyayo alizozipenda kuliko zote zilikuwa za mumewe, Sipriani, fundi viatu wa Mfaranyaki. Mguu wake wa kushoto ulizaliwa umegeukia ndani, na kijijini kwao Namtumbo enzi hizo hakuna aliyejua kuunyoosha, basi alikanyagia ubavu wa mguu maisha yake yote. Kulia aliacha unyayo kamili, kushoto alama fupi iliyopinda kama harage. Mji mzima ulivaa viatu alivyovishona, lakini yeye hakuwahi kupata kiatu cha kushoto kilichomkubali. Hata siku ya kumzika walimvisha kimoja tu, na jambo hilo lilimuuma Kunegunda kuliko kifo chenyewe.

Asubuhi moja baada ya kumaliza matanga, alifagia uwanja wa nyumbani, akaingia ndani kuchukua ndoo, akatoka. Katikati ya mistari mipya ya ufagio palikuwa na harage moja. Mbele yake jingine, na jingine, mpaka kwenye benchi ambapo Sipriani alizoea kukaa akishona. Unyayo wa kulia haukuwepo popote. Jua lilikuwa limeshapanda na kuku walidonoa pale pale bila wasiwasi. Kunegunda hakupiga kelele. Alifagia kwa kuzizunguka alama zile, kama unavyofagia ukikwepa miguu ya mtu aliyeketi, na ikawa hivyo karibu kila asubuhi.

Mwaka uliofuata Jane, binti yake aliyekuwa akiishi naye, alijifungua mtoto wa kiume. Mguu wa kushoto ulikuwa umegeukia ndani. Wakampa jina la babu yake, na kwa desturi bibi akaanza kumwita "mume wangu". Majirani wakaudaka utani.

"Mama Jane, mzee karudi, na mguu wake kaja nao."

Kunegunda alicheka nao. Moyoni, kwake haukuwa utani tena.

Kwenye kliniki ya miguu ya watoto walimkuta Hilda, muuguzi mpole asiyezunguka maneno. "Msijilaumu," aliwaambia. "Watoto wa mguu kifundo wanazaliwa dunia nzima. Tofauti ni kwamba kwingine wananyooshwa wangali wachanga, na kwingine wanaachwa mpaka wanazeeka nao." Mguu ukafungwa hogo gumu la plasta, ukanyooshwa kidogo kidogo kila wiki, mara sita. Kisha mtoto akapewa viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma. Miezi mitatu asivivue, halafu avivae kila anapolala, mpaka afikishe miaka minne.

"Mkiviacha, mguu unarudi ulikotoka," Hilda alisema. "Na mtoto atakua akitembea nao hivyo hivyo."

Wiki ya hogo la kwanza, nyayo za uwanjani zilikoma. Kunegunda alifagia uwanja mtupu kwa miezi. Akapata jibu lake mwenyewe: tumemnyoosha mguu, tumemfukuza.

Basi Jane alipoanza kwenda Tunduru kuuza mitumba, majuma mawili mawili, mtoto alibaki na bibi, na bibi alivitia vile viatu katika sanduku la vifaa vya marehemu, mvunguni mwa kitanda. Jane akirudi, vinavaliwa. Akiondoka, vinarudi sandukuni. Kesho yake tu baada ya kuvivua mara ya kwanza, harage lilikuwepo uwanjani. Safari hii halikuishia kwenye benchi. Lilifika mlangoni. Safari ya pili ya Jane likavuka kizingiti, vumbi jekundu juu ya saruji aliyoipiga deki muda huo huo, likaenda mpaka kando ya kitanda, kwenye mkeka alipolala mtoto.

"Umekuja kujitazama," alinong'ona. Nywele zilimsimama, na bado alifurahi, na furaha ile ilimtia aibu.

Safari ya mwisho, mtoto akiwa ameanza kutembea, alimvua kwa pupa mpaka mkanda wa kiatu cha kushoto ukakatika. Akavitupia sandukuni hivyo hivyo.

Siku ya nne akiwa anafagia, mtoto alimpita akicheka, akaelekea kwenye kuku. Kunegunda akatazama chini kwa mazoea. Kulia, unyayo mdogo kamili. Kushoto, harage dogo.

Akakaa chini na ufagio mkononi. Alama hii haikutoka kaburini. Ilikuwa kazi ya mikono yake.

Aliingia ndani akapiga magoti kuvuta sanduku. Ndipo akaona kwamba alama za vumbi hazikuishia kwenye mkeka. Ziliupita, zikaingia mvunguni. Alifungua. Msharasi wa Sipriani, chuma chake cha kutobolea ngozi, ulikuwa juu, nta mbichi kwenye ncha. Mkanda uliokatika ulikuwa umeshonwa, uzi mara mbili, fundo limefichwa upande wa ndani lisimkwaruze mvaaji.

Jane aliporudi walikwenda kliniki wote watatu. Hilda aliupapasa mguu.

"Mama, viatu anavaa?"

"Hakuvivaa," alisema Kunegunda. "Ni mimi niliyemvua. Jane hajui."

Jane aligeuka kumtazama mama yake. Hilda hakugomba. Alisema wataanza upya na hogo, mguu bado laini, hawajachelewa. Kisha akaviinua vile viatu. "Na mkanda huu nani kashona? Fundi wetu hashoni hivi."

Jane akakipokea kiatu, akakigeuza ndani nje. Alikuwa amekua akiliona fundo lile. Akakiweka mezani taratibu, akaivuta mikono yake.

"Mama, nani kashona?"

"Baba yako," alisema Kunegunda. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Miezi yote hii nilidhani anautaka mguu wake, mwanangu. Kumbe alikuwa anatafuta viatu vya mjukuu wake."

Hilda alikuwa ameshaloweka bandeji ya hogo. Kunegunda akamshika mjukuu wake miguu.