Mtani Hashtakiwi

Mlio uliniamsha kabla ukungu wa Matogoro haujaachia kitu chochote kionekane. Nilidhani ni pikipiki imenasa kwenye tope. Ukapanda, ukashuka, kisha kitu kirefu kikaanguka huko kilimani. Chenso. Kuna mtu alikuwa anakata misonobari yetu.

Baba alikuwa jikoni akipuliza uji.

"Ni mtani," akasema. "Si aliahidi?"

Kweli aliahidi. Mtani huyo, mtu wa Njombe, alileta miche, baba akatoa ardhi. Mkataba wao ulisema miti itavunwa ikikomaa, na wakikosana wataamuliwa na msuluhishi, si mahakama. Jumamosi, kwenye msiba wa jirani, alijifunga kanga ya marehemu, akasimama mbele ya baba.

"Mzee, Jumatatu nakuja kukinyoa kile kilima. Kifanane na kichwa chako!"

"Njoo," baba akajibu. "Kaburi halijafukiwa, nafasi ipo."

Hata wafiwa walicheka. Ndivyo watani wanavyotufuta machozi sisi Wangoni, na hakuna anayetafuta ukweli ndani ya maneno yao.

Kumbe alishapata mnunuzi wa nguzo. Nilipofika kilimani, miti michanga ilikuwa imelala safu kwa safu, inavuja utomvu. Wakataji wakaniambia wao wametumwa tu. Nikakimbilia kwa wakili, mtaa wa Mjimwema.

"Msuluhishi hajateuliwa, na kumpata kutachukua wiki kadhaa," wakili alisema. "Miti haitamngoja. Lakini mahakama inaweza kutoa zuio la muda, ukataji usimame mpaka shauri lifike kwake. Mlete mzee aape leo hii."

Mzee akakataa.

"Mtani hashtakiwi."

"Baba, hatumshtaki. Tunaomba miti isikatwe."

"Na hiyo karatasi ya mahakama utakayompelekea ni nini? Salamu?"

Siku mbili nilibishana naye huku chenso ikilia. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Kila mti ulioanguka niliusikia mimi. Yeye alisikia mzaha mrefu wa rafiki yake. Jumatano alitoka uani, akatazama kilima. Mahali pa miti palikuwa na mbingu tupu. Akarudi ndani, akaomba kalamu.

Kesho yake mahakamani, mtani naye akiwa ameitwa, hakimu alimuuliza baba, "Mzee, ulijua lini kwamba atakata?"

"Jumamosi, mheshimiwa."

"Leo Alhamisi. Mbona umechelewa hivyo?"

"Nilidhani ananitania."

Karani aliinamisha uso kuficha kicheko. Nilitamani kupiga meza.

Zuio lilitolewa: usiguswe mti wowote uliosimama, mpaka msuluhishi awasikilize wote wawili. Uliosimama! Ilikuwa imebaki ile michache ya nyuma ya kilima, upande wa makaburi yetu. Iliyoanguka hakuna amri ya kuiinua.

Hakimu alipoondoka, mtani akatusogelea, mkono mbele, meno yote nje.

"Mtani! Si nilikwambia nitakunyoa? Umebakiwa na kisogo!"

Akangoja jibu. Hata mimi nilingoja. Nilitaka baba amtukane tusi la kukumbukwa mji mzima. Baba akachukua kofia yake kwenye benchi, akaipangusa vumbi.

"Bwana," akasema, "tutaonana kwa msuluhishi."

Sikuwahi kumsikia akimwita bwana. Mtani akanitazama mimi, mkono wake bado uko hewani, kama mtu anayeomba atafsiriwe. Baba alikwisha kutoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.