Kengele mu Tumbo ya Chatu

Chatu yangu inajulikana Bunia muzima. Nilimuua na jembe mu njia ya Bogoro, na alikuwa murefu, kichwa inaangalia Ziwa, mukia ingali inauliza bei ya chumvi huku mu soko.

Basi shemeki yangu, kaka ya bibi yangu, akaanza kusema njo yeye aliua. Na mahari ya binti ya dada yangu ilikuwa inakaribia. Mbele ya bakwe, ile hadisi inapashwa kusemwa na mutu mumoja tu. Kuliko ninyamaze mu mahari ya mwipwa wangu, afazali chatu angenimeza mimi.

Ule binti anasoma ku iniversite. Kazi yake ni panya ya pori ya Mambasa: anatafuta gani ni ndugu ya gani. Akasema mahari ni yake, ataamua yeye. Akatuita, akatusikiliza mumoja mumoja: mimi, shemeki, bibi yangu, na jirani mwenye kuuzisha samaki. Kiisha akachora muti mu vumbi ya lupango, mu kiwanja ya nyumba yetu, mizizi juu, matawi chini. Nikamuuliza kama ule muti ulianguka na mvua.

Akasema hadisi inazaa sawa panya: kila mara inazaa, kitu kiloko, kidogo tu, inageuka. Bote tulisema chatu, bote tulisema jembe, ile haionyeshe nani iko karibu na nani. Lakini mimi na shemeki tu tulisema chatu alimeza mbuzi na kengele yake, na kengele ilikuwa inalia mu tumbo.

"Tonton, mujomba wangu, batu bawili banaweza kutunga kengele moja, kila mutu kwake," akasema. "Lakini ile inaomba uongo mbili. Miye naanza na muti yenye kuomba uongo kiloko: nyinyi bawili, tawi moja."

Nikamwambia mu hii famille uongo haiko bei kali.

Akatafuta kujua kama muti iko nguvu. Akatia maharagi mu beseni, kila mbegu ni kipande moja ya hadisi. Anatosha moja inje, anaandika, anairudisha, anatosha tena. Vipande vingine vinatoka mara mbili, vingine havitoke kabisa, na vile vyenye vilitoka anachora muti mupya, mara mingi. Bibi yangu na muuza samaki, leo bako pamoja, kesho bameachana. Akasema lile tawi haliamini sana. Lakini mimi na shemeki tulitoka tawi moja kila mara, sawa mapacha.

"Sasa hadisi ya nani ilizaa ya mwenzake?" shemeki akauliza. "Miye ile kengele nilisikia na masikio yangu."

Bibi yangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hata kichwa hakuinua.

"Mbuzi yetu haikukuwa na kengele hata siku moja. Ile kengele bwana yangu aliizaa hapa hapa, siku ya mvua, na weye shemeki yake ulikuwa unakula mihogo yangu. Na chatu alikuwa sawa mukono yangu hivi."

Nilicheka mupaka nikakaa chini. Uongo yangu njo ilikuwa mushahidi wangu.

Siku ya mahari, sawa vile binti aliamua, mimi njo nilisimama mbele ya bakwe. Chatu alikuwa amekomaa, mukia sasa inafika Irumu. Nilipofika ku tumbo, nikatega sikio. Shemeki, kule mu kiti ya mbele, akapiga kijiko ku chupa: ngling, ngling.