Kumngoja Mkwe Atoke

Mimi ndiye admini wa grupu ya kituo chetu cha majani chai, huku karibu na Nyaramba. Kazi yenyewe ni ndogo: kuwaambia watu lori linakuja saa ngapi. Lakini nimefuta mambo humo mpaka kidole kimechoka. Maganda ya ndizi yanatibu sukari, futa. Dunia inaisha Ijumaa, futa, na hilo hutumwa na watu ninaoabudu nao Sabato.

Asubuhi hiyo nilikuwa shambani nachuma, simu ikaanza kulia mfululizo. Ilikuwa video. Mama mzee mwenye leso kichwani amesimama kando ya migomba, anautazama mlango wa nyumba, hatikisiki. Jirani yangu ndiye aliyeituma, na chini yake ameandika: "Omorogi ndiye huyu, anaroga mtoto mchanga. Watumie wengine."

Mama huyo namjua. Binti yake alikuwa amejifungua, naye alikuwa akivuka mto kila asubuhi kuja kumwogesha mjukuu. Kwetu mama mkwe haingii mkwe wake akiwa ndani. Hiyo ndiyo heshima, tunaiita chinsoni. Atasimama nje mpaka bwana aende kazini. Nani hajui hilo? Nilimpigia jirani yangu, akanijibu kwa utulivu kabisa, "Pikipiki ya bwana haikuwa nje. Kama ameshatoka, mama anasimamia nini pale?"

Pikipiki ilikuwa kwa fundi. Mtu achomwe kama mchawi kwa sababu ya pikipiki!

Niliifuta video, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Dada yangu alikuwa ameshaiona kule Suneka. Kisha zikaingia sauti za vijana: "Huyo mathe leo asivuke mto." Hapo nikaogopa. Huku kwetu maneno kama hayo si mzaha, tumeshazika watu kwa ajili yake. Nikaacha kikapu palepale, nikaenda.

Nilipitia kwanza pale nyumbani. Mama alikuwa ndani anamwogesha mtoto, hajui lolote. Nikamwambia binti yake afunge mlango na asimfungulie mtu. Kisha nikashuka hadi sokoni, kwenye karakana ambako mkwe huchomelea vyuma.

Video alikuwa ameipata, ila hakuitazama. "Niliona ni mama mkwe, nikafunga simu," akasema. "Siwezi kumkodolea macho hivyo." Nikamwomba aseme ukweli kwenye grupu. Akakataa, kumzungumzia mama mkwe mbele ya kijiji kizima ni aibu.

"Basi hiyo aibu utaikumbuka ukimzika," nikamwambia. Nilikuwa nimekasirika, sikujali wateja waliokuwa wanasikia.

Akanipa mgongo, akaisogeza simu mdomoni. "Nilikuwa ndani. Alikuwa ananingoja nitoke." Akaituma sauti hiyo kwenye grupu.

Vijana wakanyamaza. Mimi nikazunguka nyumba kwa nyumba mpaka jua likazama, nikiwaeleza watu jambo ambalo wote wanalijua tangu utotoni. Wengine walisema, "Aa, kumbe," wakaendelea kumenya ndizi. Jirani yangu aliniomba radhi, akaniwekea chai, nami nikainywa. Sikuwa na nguvu za kugombana.

Video bado inarudi. Wiki iliyopita ilitoka kwa mtu wa Kisii mjini, sasa wanasema mtoto alikufa. Mtoto ameshaanza kukaa. Nikafuta, nikaeleza tena, nikaulizwa kama nimelipwa kumtetea.

Juzi mama mwenyewe alinipigia. Tangu arudi kwake siku ile hajavuka mto tena, mjukuu anakua bila kumwona. Alizungumza taratibu, kwa adabu, kama anayeuliza saa ya lori.

"Mwanangu, nikisimama nje mimi ni mchawi. Nikiingia, sina heshima. Wewe ndiye mkubwa wa hiyo grupu. Niambie basi, nisimame wapi?"