Siku Mama Alipokimbia Mpunga Wake

Sisi tuliokulia pembeni ya shamba kubwa la mpunga, huku chini ya Igawa, tulijua kukimbia kabla ya kujua kusoma. Shamba lilikuwa la tajiri ambaye hatukuwahi kumwona. Tuliyemwona ni mlinzi wake, Mzee Kalinga, mwenye koti refu la kijani na filimbi shingoni. Mashine ya kuvunia ikishapita, masuke yalibaki yametapakaa chini, na sisi na mama zetu tulijipenyeza kwenda kuyaokota. Filimbi ikilia, mguu niponye! Aliyekamatwa alimwagiwa mpunga wake kwenye matope, akaambiwa aukanyage mwenyewe. Mama yangu aliukanyaga mara mbili. Sijasahau, na sitaki kusahau.

Lakini msidhani tulikuwa watu wa huzuni. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi, tukavua kambale kwenye mifereji na kuwabanika palepale, tukaingia darasani tunanuka moshi na tope. Watoto wa leo wakiona tope wanapiga picha kwanza.

Kisha serikali ikalichukua lile shamba na kuligawa kwa wanakijiji. Walikuja maofisa na kamba za kupimia, wakachomeka vigingi, watu wakachagua karatasi za namba kwenye kofia. Mama akaangukia mkiani mwa mfereji, mahali ambapo maji yanafika yakiwa yamechoka. Hakulalamika. Alilima, akapanda, akangoja zamu yake ya maji.

Mavuno ya kwanza ndiyo yaliyoleta kituko. Tuko shambani, wanawake wanaimba, miundu inakwenda, ghafla filimbi! Mama akatupa mundu, akanishika mkono, tukatimua mbio. Wanawake wote wakatimua mbio. Tulipofika barabarani, tunahema, ndipo tukageuka. Mzee Kalinga, ambaye naye alikuwa amepewa shamba jirani na letu, alikuwa anafukuza kwelea.

"Jamani, mnaenda wapi? Mi nafukuza ndege!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama hakucheka. Aliuangalia mpunga wake aliouacha umesimama, akasema, "Nimekimbia shamba langu mwenyewe, mwanangu. Sikimbii tena." Akarudi kuokota mundu. Tangu siku hiyo, kila mavuno aliacha kona moja ya jaruba bila kuvuna, kwa yeyote anayetaka kuokota. Na aliyewaita watoto waje ni Mzee Kalinga, kwa filimbi ileile.

Mama hayupo sasa, Mzee Kalinga hayupo, shamba ni langu. Mwezi uliopita mwanangu Festo, anayeishi Mlandege kule Iringa, alinijia na karatasi. Kuna mtu anakodi mashamba yote ya mfereji wetu, kwa miaka mingi, ayaunganishe yawe shamba moja. Majirani wengi wameshasaini.

"Mama, we pumzika tu," akaniambia. "Atalima yeye, na walinzi ataweka."

Walinzi! Niliposikia neno hilo damu ilinichemka. Nilimpeleka shambani nikampa mundu. Hata jaruba moja hakumaliza, viganja vimejaa malengelenge, akakaa kwenye tuta kutafuta mtandao. Nilimhurumia, ni mwanangu. Karatasi yake nikamrudishia vilevile, haina saini.

Najua wananiita mkaidi. Waniite. Enzi zetu tulikuwa na njaa na miguu myepesi, na bado mama zetu walijua ladha ya kusema "hapa ni kwangu". Siku hizi watoto wetu wana viatu vizuri na elimu, na wanatubembeleza tutoke wenyewe, bila hata kufukuzwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Basi huyo bwana na aweke walinzi wake pande tatu. Upande wa nne nipo mimi, na kona ya mama ya kuokota. Wapige filimbi mpaka mate yawakauke. Nitajua wanafukuza ndege.