Namba 114 na jeneza la Kisarawe

Jamani, leo nimekuwa wa mwisho kwenye mbio, na wala siumii.

Miezi minne nimejifua huku Visiga kwa ajili ya hizi mbio za porini Kisarawe. Mpaka kilomita ya kumi na tano nilikuwa wa sita. Wa sita, mimi huyu mwenye kitambi!

Kisha njia ikawa nyembamba, na mbele yetu likaja jeneza.

Wenzangu walisimama pembeni, likapita, wakaendelea kukimbia. Hata mimi nilitaka kuendelea. Ila mzee mmoja kati ya waliobeba alikuwa amechoka. Akanitazama, akasema, "Pokea, mwanangu."

Mnajua kwetu ukikutana na jeneza unatia bega hatua chache, halafu unampisha mwingine.

Mimi sikumpisha mtu. Nilibeba mpaka makaburini, namba ya mbio ikiwa kifuani.

Baba yangu alizikwa mwaka jana nikiwa safarini. Nilikuta udongo tu.

Nikatupia mchanga mara tatu, nikaitikia dua, nikarudi njiani nikitembea. Sikulia. Sikuhisi chochote, hata miguu haikuuma.

Nilipofika mwisho walikuwa wanakunja maturubai. Dada mmoja akanivisha medali, akauliza, "Kaka, ulipotea?"

Nikamwambia ndiyo.

Nimeoga, nimekula, nimekaa. Sasa hivi ndiyo nakumbuka kwamba sikuuliza hata jina la marehemu.

Kama kuna mtu wa Kisarawe humu, naomba aniambie leo nimemzika nani.