Dirisha la Kona na Kaburi la Baba Mkwe

Duka langu la kwanza la ushonaji lilikuwa mkabala na choo. Sisemi karibu na choo. Nasema mkabala, mlango kwa mlango, kiasi kwamba mtu akitoka huko akijifunga mshipi, sura ya kwanza kuiona ilikuwa yangu. Kwa muda wote niliokaa upande ule wa plaza yetu ya Nyamasaria, nadhani niliulizwa karatasi za chooni mara nyingi kuliko nilivyoulizwa bei ya sare. Mwishowe nikaanza kuziuza. Usinicheke, zilinilipia umeme.

Na umeme nilikuwa nautumia kweli, maana chumba hakikuwa na dirisha. Saa sita mchana, jua la Kisumu likichoma mabati hadi yanalia, mimi nilikuwa nashona chini ya taa ya mrija, na taa ya mrija ni mwongo. Chini yake maruni na kahawia ni ndugu wa tumbo moja. Niliwahi kushonea kwaya nzima sketi za maruni kwa uzi wa kahawia, na sikujua mpaka Jumapili walipotoka nje ya kanisa wakapanga mstari juani. Mwalimu wa kwaya hakunisalimia hadi Pasaka. Macho nayo yalishaanza kuchoka. Kutunga uzi kwenye sindano ikawa kazi ya kuomba wapita njia, na wapita njia wangu unajua walikuwa wanatoka wapi.

Kwa hiyo meneja wa plaza alipokuja na ramani ya upanuzi, jengo jipya litakaloshuka hadi mtoni, akaweka kidole kwenye kona moja na kuniambia, "Hii ni yako, Mama, dirisha pande mbili," nilimshonea suruali bure.

Bango likasimamishwa kando ya barabara ya Nairobi. Lilikuwa na picha ya maghorofa, chemchemi ya maji, na watu wembamba waliobeba mifuko ya ununuzi, hakuna hata mmoja wao tuliyemfahamu. Chini yake waliandika kwamba linafunguliwa karibuni. Jua likaanza kuwala wale watu wembamba uso mmoja baada ya mwingine, ndege wakajenga viota nyuma yao, na neno "karibuni" likawa la mwisho kufutika.

Wa kwanza kutuchelewesha alikuwa mto wenyewe. Watu wa mazingira walikuja kiangazi na utepe wao, wakapima kutoka ukingoni, wakaona nafasi ni tele. Waliporudi masika kuhakikisha, ukingo ulikuwa umehamia ndani ya kontena la injinia wa mradi, na kiatu chake kimoja kilikuwa safarini kwenda ziwani. Ikabidi wabishane ukingo ni upi, wa kiangazi au wa masika. Wakachora upya. Mto ulipotulia, tukafika kwenye kaburi.

Kaburi lilikuwa la baba mkwe wangu. Shamba lile la mtoni lilikuwa la mama mkwe, naye alikuwa amewauzia wenye plaza kwa sharti moja, kwamba mume wake aliyelala pale haguswi mpaka taratibu zote za kumhamisha zikamilike. Kwenye ramani, alikuwa amelala katikati kabisa ya kona yangu, pale nilipokuwa nimeshapanga kuweka cherehani.

Afisa wa afya alikuja na fomu. Mama mkwe alimpa kiti, akampa na chai, na mimi nikakaa pembeni nikisikiliza.

"Mzee alikufa na nini?" afisa aliuliza.

"Ziwa."

"Ziwa si ugonjwa, Mama."

"Hiyo ulizia wale imemaliza."

Afisa akaandika maji. "Na permit ya kumzika iko wapi?"

"Haiko. Hakuna mtu alituuliza permit."

"Alizikwa na sanduku?"

"Alizikwa na blanketi."

Hivyo ndivyo alivyowaendesha. Akiitwa ofisini alivaa gauni lake la kanisani, akakaa kwenye benchi toka asubuhi, akajibu kila swali kwa ukweli mtupu na hakuongeza hata tone. Fomu ikipanda juu, ilirudi na pengo jipya la kujazwa. Misimu miwili ya mvua ikapita hivyo. Mimi huku nashonea gizani, nikimwona mama mkwe wangu akirudi kutoka ofisini ametulia kama mtu aliyetoka kutembelea marafiki.

Sisi wa nyumbani tulijua pengo liko wapi. Baba mkwe alipanda mashua kwenda upande wa Luanda Kotieno kununua samaki, upepo ukawakuta katikati, na mashua ikaonekana bila yeye. Watu wa ziwa hawamwachi aliyepotelea majini bila mahali pake. Hutafuta yago, lile tunda refu, zito, lisiloliwa, linaloning'inia mtini kwa kamba yake. Ndivyo walivyomfanyia baba mkwe: wakalifunga blanketi, wakaliita kwa jina lake, wakalilia na kulizika kama mtu. Mimi ni mtu wa Muhoroni, nimekulia kwenye miwa, na huko hata trekta likikukanyaga angalau unaonekana. Jambo hilo niliambiwa jikoni, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, na nikaambiwa halitoki nje, kwa sababu watu wa nje hucheka.

Nililibana miaka mingi, hilo nipewe sifa. Lakini mchana mmoja injinia alileta suruali ikatwe miguu, akasimama juu ya kigoda changu akilalamika kuhusu fomu, nami nimepiga magoti na pini mdomoni. Ulimi uliniwasha kupita kiasi. Nikatoa zile pini.

"Injinia, hiyo permit ni ya kuhamisha mifupa, sivyo?"

"Eeh."

"Na kama mifupa haiko?"

Nikamwambia yote. Alicheka mpaka kigoda kikayumba. Nakiri kwamba nami nilicheka kidogo, nikijiona mwerevu kuliko ofisi nzima, maana tunda ni tunda, na sijaona serikali inayotoa kibali cha kung'oa tunda. Jioni hiyo nilipima pazia la dirisha.

Asubuhi iliyofuata nilishuka mtoni kuangalia. Tingatinga lilikuwa limeshaelekezwa kwenye kaburi, mkono wake umeinuka. Dereva wake alikuwa mwanamume mpana, mzaliwa wa hukohuko Luanda Kotieno. Injinia alimpigia kelele kutoka chini.

"Chimba tu. Hakuna mtu hapo ndani. Ni yago."

Dereva akazima injini. Alishuka polepole, akavua kofia yake ya kazi.

"Injinia, ungeniambia ni mtu, ningechimba. Mtu iko na mifupa. Unabeba, unapeleka pahali ingine, analala. Sasa huyu utabeba nini?"

"Si hilo tunda."

"Tunda ilioza kitambo. Huyu mzee amebaki na pahali peke yake. Wewe unaweza beba pahali?"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya rundo la mchanga, nikiyaona yote. Waashi wakaweka chini vijiko vyao. Wachanganya simenti wakanawa miguu. Mama aliyewapikia githeri akapanga sufuria zake. Bawabu, mtu wa Vihiga, alitangaza kwamba hiyo si mila ya kwao na yeye haimhusu, kisha akachukua redio yake na kuondoka, akisema hawezi kuachwa peke yake na kitu kisichomhusu. Kabla ya saa nne uwanja ulikuwa mweupe. Walioletwa wiki iliyofuata kutoka mbali walisimama kunywa chai pale barabarani, wakasimuliwa, wakalipia chai na kurudi walikotoka.

Yaani nilichokisema ili kazi iende mbio ndicho kilichoizika kabisa.

Siku ya tatu tangu kazi isimame, nilienda kwa mama mkwe kuungama. Alikuwa anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, uani, akiwatandaza kwa kiganja.

"Mama, ni mimi nilisema."

"Najua, nyar Muhoroni. Injinia yako alichekea kwa barabara, Nyamasaria yote ikasikia."

Nyar Muhoroni, binti wa Muhoroni, ndivyo alivyoniita toka siku ya harusi. Siku hiyo jina lilinichoma.

"Lakini kama ulijua yago itasimamisha kazi," nikamuuliza, "mbona hukuwaambia toka mwanzo? Si ungemaliza maneno siku moja?"

Aliendelea kutandaza omena wake.

"Ningemaliza maneno, nimalize na dirisha yako. Wangefunga mzigo waende. Nilikuwa nawazungusha pole pole mpaka wachoke na hiyo kona, wapitishe ukuta kando. Wewe ukae na dirisha, mzee akae na pahali yake. Meneja alikuwa ameanza kukubali. Wiki hiyo hiyo ulifungua mdomo alikuwa ameniuliza kama ukuta inaweza pinda."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi yenyewe tayari ilikuwa na matatizo ya kutosha. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Misimu miwili yule mama alikaa kwenye benchi za ofisi kwa ajili ya macho yangu, nami nilimhesabu kuwa kikwazo.

"Nifanye nini, Mama?"

"Utamshonea mzee shati."

Meneja alipokuja kuomba radhi, mama mkwe alishampangia masharti. Ukuta upinde. Kaburi libaki, lizungushiwe kiwanja kidogo cha nyasi. Na injinia aje dukani kwangu kupimwa, kwa sababu yeye na marehemu ni wa kimo kimoja. Injinia alisimama juu ya kigoda kilekile, mikono ameitanua, na safari hii hakucheka. Mama mkwe alikaa pembeni akisahihisha. "Mabega ongeza. Mzee wangu alikuwa anavuta nyavu kabla aanze biashara, huyu anavuta kalamu."

Mchungaji akaja kuomba. Kisha mama mkwe akasimama kaburini, akamwambia mumewe kwa Dholuo, kwa sauti ya kuongea na mtu aliye chumba cha pili, kwamba hahamishwi, na kelele atakazosikia ni za jengo la jirani. Dereva alisikiliza mpaka neno la mwisho, akavaa kofia, akawasha tingatinga.

Jengo halijakwisha hadi leo. Chemchemi haipo, ghorofa ya pili ni nguzo na nyasi, na mto ukijaa tunasukuma maji kwa mifagio. Kona yangu, baada ya ukuta kupinda, imebaki nusu, na lile dirisha la pili lilimezwa na huo mpindo. Lakini nina moja, pana, linatazama kaburi, na maruni ni maruni.

Shati nililishona juma la kwanza la kuhamia hapa, jeupe lenye mistari ya kijani. Nilipofika kwenye vifungo, mama mkwe akaninyang'anya.

"Hii ya shingo ni yangu," akasema. "Siku ile alitoka bila. Aliniambia nishone, nikamwambia nitashona akirudi."

Akanipa sindano nimtungie uzi. Niliiinua dirishani, nikakosa. Akachukua yeye, akakosa. Tulisimama pale wanawake wawili wenye macho mabovu, tukipokezana sindano moja kwenye mwanga wote ule, mpaka uzi ukapita. Alishona kile kifungo mara tatu zaidi ya inavyohitajika, akaukata uzi kwa meno.

Sasa shati linaning'inia dirishani, na kwa kweli ni kazi yangu nzuri kuliko zote. Wateja hulishika, hugeuza kola, huuliza bei. Mimi huwa naanza kutafuta maneno, lakini mama mkwe, ambaye siku hizi anakuja kila asubuhi kukaa kwenye kigoda changu na kukosoa mishono, hunitangulia.

"Hiyo ina mwenyewe," huwaambia. "Bado hajapita kuchukua."