Siku Niliyotembea Juu ya Mama Mkwe

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila nisikiapo viatu vikigonga mbao. Mwingereza ndiye aliyetawala, nami nilikuwa kijana niliyemchumbia msichana aitwaye Yustina. Kwetu Ufipa wakati ule nyumba zetu zote zilikuwa za chini, udongo na nyasi, na hakuna mtu aliyewahi kuishi juu ya mwenzake. Lishike hilo, maana kosa langu lilitokea hapo.

Mjomba wake Yustina, Mzee Kornel, alikuwa mlinzi wa jumba kubwa la mawe kule Kasanga, lililojengwa wakati wa Mdachi. Wenyewe walikwisha ondoka, yeye akabaki na funguo. Posa yangu isingekamilika kabla mjomba hajaniona. Basi tukashuka hadi ziwani kwa lori la mwenye duka mmoja wa Sumbawanga: mama yake Yustina mbele kwa dereva, Yustina katikati ya magunia ya ulezi, mimi nyuma kabisa nikila vumbi. Tulipangwa hivyo makusudi. Siku zile kijana hakukaa na mama mkwe, hakula naye, hakumpita karibu. Ukikutana naye njiani uliingia porini hata kama kuna miiba, na neno lako alilipata kwa kinywa cha mtu mwingine. Msicheke, wajukuu zangu. Heshima si utumwa.

Jumba lilisimama kilimani, likilitazama Ziwa Tanganyika. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Kuta zake zilikuwa nene hata mtoto angeweza kulala dirishani. Mzee Kornel alitutembeza kwa zamu, kwanza wanawake, kisha mimi. "Hapa walikula. Hapa waliandika barua zao," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba wenyewe bado wamelala chumba cha pili. Mchana joto la ziwani likamshinda mama mkwe, akaketi kwenye kigoda katika ukumbi wa chini. Mimi, kwa adabu zangu, nikazunguka nyumba nzima nisipite mlangoni kwake. Huko nyuma nikaikuta ngazi ya mawe.

"Ningoje hapo," Mzee Kornel akaniambia. "Nafuata ufunguo. Usipande peke yako."

Nilingoja, lakini kidogo tu. Kumbe mlango wa juu ulikuwa wazi, na upepo ulikuwa ukiusukuma polepole, unafunguka, unajifunga. Nikapanda. Ndani palikuwa na vyumba vitupu, kimoja kinazaa kingine, na mwanga wa madirisha umelala kwenye sakafu ya mbao. Ng'ambo ya ziwa niliona ubuluu uliosimama, na hadi leo sijui kama ilikuwa milima ya Kongo au mawingu. Nilisahau nilikuja kufanya nini. Nilijiona mzee mwenye ndevu nyeupe, nawaita wajukuu zangu nao wananiitikia kutoka chumba cha mbali. Nilikuwa nimeazima viatu vya kaka yangu, vyenye misumari kwenye soli, na mlio wake ulinipendeza. Nikatembea kutoka dirisha hadi dirisha, nikageuka, nikatembea tena. Sijui nilikaa muda gani.

Niliposhuka nilimkuta mama mkwe amesimama uani, kitambaa chake cha kichwani kimejaa vumbi. Hakunitazama. Alimwambia kaka yake, "Huyu amenikanyaga kichwani. Posa yao waichukue." Yustina alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Nami badala ya kunyamaza nikaleta ujuaji. "Mjomba, sikumpita mbele wala sikumtazama. Kulikuwa na sakafu kati yetu. Tena wazee hawakukataza ghorofa."

"Wangeikatazaje na hawakuwahi kuiona?" Mzee Kornel akasema. "Walikukataza kumvunjia heshima mama huyu. Nijibu, kijana: ulijua yuko wapi?"

Nilijua vizuri sana. Nilikwepa mlango wake nikaenda kumpita utosini.

"Nilijua, Mjomba. Nikasahau."

Nilipiga magoti palepale kwenye changarawe. Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Niliona Yustina anapandishwa lori na mimi naachwa ziwani na viatu vyangu vya kuazima.

Mzee Kornel akamvuta dada yake pembeni. Nilimsikia akimwambia, "Kosa moja haliachi mke." Mama mkwe akasema, "Basi akae yeye kwenye kigoda. Mimi nipande."

Nikaenda kukaa. Alipanda peku, na bado nilisikia kila hatua. Vumbi likanidondokea shingoni, likaingia machoni. Nilijifunza siku ile uzito wa mtu aliye juu yako ambaye huwezi kumwambia neno. Kisha hatua zikasimama upande wa ziwa, pakawa kimya. Nikangoja. Mzee Kornel akaja, akaitazama dari, akacheka bila sauti. Jua lilikuwa limeshaelekea Kongo mama mkwe aliposhuka.

Alipita mbali nami, akamwambia kaka yake kwa sauti ambayo nami niisikie: "Mwambie nimeona. Kule juu mtu anasahau kweli." Akajifunga kanga upya. "Posa ibaki. Ila asisahau mara ya pili."

Ndiyo maana Yustina ni bibi yenu.

Mwanangu, sikukatazi kupanda. Panda, soma, pata cheo, jenga ghorofa ukiweza. Lakini adabu ya mlangoni ni nyepesi, kwa sababu watu wanaiona. Kabla hujaanza kutembea huko juu, jiulize nani ameketi chini yako, kisha vua viatu. Usiseme hukukatazwa, wazee hawakuweza kuyataja yote. Na siku utakayokanyagwa wewe, usikimbilie kuvunja posa. Panda kwanza ukaone alichokiona mwenzako. Mama yule alinifundisha hilo bila kunisemesha hata neno moja.

Mungu akupandishe, mwanangu. Akupe chumba chenye dirisha la kutazama ziwa, na walio chini yako wasijue kwa vumbi kwamba upo.